Hija ya Badala kwa Mti wa Yanonge

Kwetu Ujiji, mtu mwenye uwezo ambaye miguu imemshinda humtuma mwingine Makka akamhijie. Huitwa hija ya badala. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuwa badala ya mtu asiye Mwislamu, na kwamba safari yenyewe haitakuwa ya Makka bali ya msituni, nyuma ya Yanonge kando ya Mto Kongo, kwenda kuusalimia mti.

Aliyenituma ni bibi mmoja wa Wales. Nilipanga chumba kwake nilipokuwa nasomea misitu Bangor. Bibi huyu ni Mdruidi. Wadruidi wa kale walikuwa makuhani wa Wakelti, na Pliny, mwandishi wa Kirumi, amesimulia jinsi walivyopanda mwaloni wakiwa na mavazi meupe na mundu wa dhahabu. Udruidi wa leo ulifufuliwa na wapenda mambo ya kale katika karne ya 18, lakini bibi huyu hajali tarehe. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, karibu na nyumba yake, kipo kisiwa cha Anglesey. Mwaka 60 jeshi la Warumi lilivuka pale, likawaua makuhani na kukata miti yao mitakatifu. Tacitus ndiye aliyeandika habari hiyo. Bibi huisimulia kama msiba wa juzi. Kwa lugha ya kwetu, ni muumini aliyebomolewa msikiti.

Nilipomwandikia kwamba nakwenda Kisangani, alinitumia bahasha. Ndani mlikuwa na kitambaa cha buluu, ukubwa wa leso, na maneno machache: magoti hayamruhusu tena kusafiri, basi nitafute mti mkongwe kuliko yote nitakayoiona, nikifunge hicho kwenye tawi na kulitaja jina lake. Kwao, vitambaa hufungwa kwenye miti iliyo karibu na chemchemi. Mjomba wangu aliposikia alicheka, kisha akanionya, "Angalia tu usije ukamshirikisha Mungu."

Kisangani

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye maporomoko. Wavuvi Wagenia wamesimika magogo katikati ya maji yanayochemka, wakayafunga kwa kamba za msituni, na katika magogo hayo wananing'iniza madema makubwa yenye umbo la faneli. Mtu hupanda juu ya magogo hayo yaliyolowa, pekupeku, kama anayepanda ngazi ya kwao. Samaki aliyesukumwa na maji huingia demani, na nguvu ya maji yale yale humzuia asitoke.

Mjini nilishangaa jinsi lugha yangu ilivyokwisha kufika kabla yangu. Kingwana cha Kisangani si Kiswahili cha Ujiji, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Kililetwa na misafara ya Waswahili na Wamanyema waliokuja kutafuta pembe na watu, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip, mmoja wa mabwana wa misafara hiyo, gavana wa hapa. Sisi Wamanyema wa Ujiji tunajua tulitoka upande huu wa Ziwa Tanganyika. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba baadhi yetu tulitoka tukiwa na bunduki, na baadhi tukiwa na kamba shingoni.

Jioni nilipanda toleka, baiskeli ya abiria yenye kiti laini nyuma, hadi kwa mama mmoja anayepika karibu na gati. Aliniletea lituma, yaani ndizi zilizochemshwa zikapondwa zikawa bonge la kunyofoa kwa mkono, pamoja na sombe, ambayo sisi huiita kisamvu, iliyopikwa kwa mawese mpaka ikawa nyeusi. Nilipomwambia nakwenda Yanonge kuutazama mti, aliuliza, "Ni wa kununua?" Nikasema hapana. "Wa dawa?" Hapana. Akaniongezea kijiko cha sombe, kama mtu anavyomhurumia mgonjwa.

Mtoni

Siku ya pili tuliteremka na mto. Yanonge iko ukingo wa kushoto, kama kilomita 60 chini ya Kisangani, na barabara ipo. Lakini niliutaka mto. Mtumbwi wa mota ulibeba watu, magunia, mbuzi wawili na godoro. Mto Kongo hapa si mto wa kutazama ng'ambo na kuona nyuso za watu. Visiwa vinapishana mpaka hujui ukingo ni upi, na juu ya maji yanaelea magugumaji ambayo watu wa hapa huyaita Congo ya Sika, Kongo Mpya.

Tulipita Yakusu, ukingo wa kulia, penye majengo ya matofali ya misheni ya Wabaptisti. Hapo aliishi John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyejifunza ngoma za Walokele mpaka akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Walokele ndio wenye mto huu, wavuvi na wachuuzi. Ngoma yao haina ngozi: ni gogo lililochimbwa kupitia upenyo mrefu, likabakizwa na midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Kwa kuwa Kilokele ni lugha ya toni, sauti hizo mbili zinatosha kusema. Ila maneno mengi yana toni zilezile, hivyo mpigaji hawezi kutaja neno likiwa uchi, lazima alivike. Muhogo, kwa mfano, hautajwi muhogo tu, bali ule muhogo ubakiao katika shamba lililopumzishwa. Nililiandika hilo katika daftari kwa sababu lilinichekesha. Sikujua kwamba siku mbili baadaye nitalihitaji.

Chini zaidi maji yalitulia na abiria wengi wakasinzia. Mimi nilikuwa nafikiria Novemba 1883. Stanley, ambaye kwetu anakumbukwa kwa kushikana mkono na Livingstone chini ya mwembe, alipanda mto huu kwa meli zake ndogo na kukuta vijiji vya pande hizi vimeteketezwa. Baadaye aliikuta kambi ya wateka watu kutoka juu ya mto. Aliandika kwamba mateka walikuwa 2,300, karibu wote wanawake na watoto. Njia ya mateka ilipanda hadi Nyangwe, na kutoka Nyangwe palikuwa na njia ya kwenda Ujiji. Ule mwembe wetu wa Ujiji, au tuseme wajukuu wake, una uzio na mnara, na watalii hulipa kuuona. Wale 2,300 hawana mti.

Yanonge

Siku ya tatu ilikuwa ya soko. Yanonge ni bandari inayoilisha Kisangani: mawese katika madumu ya njano, mikungu ya ndizi, chikwangue zilizofungwa katika majani, samaki waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa na rangi ya tumbaku. Na makala, yaani mkaa, magunia juu ya magunia, yamepangwa ukingoni yakisubiri chombo. Nikiwa mtu wa misitu, nilisimama mbele ya magunia yale nikianza kulalamika kimoyomoyo. Mama mwenye mali akanitazama. "Papa Tanzania," aliniita hivyo, kwa maana habari za mgeni zilikwisha kuenea, "kwenu mnapika na nini?" Nikamwambia ukweli: mkaa. Akaendelea kushona gunia.

Lakini biashara iliyochangamka siku hiyo ilikuwa ya mbinzo, viwavi wa kuliwa. Tulikuwa Agosti, msimu wao. Walipimwa kwa kopo, wengine wabichi wakijinyonga kwenye beseni, wengine wamekaushwa. Kijana wa pikipiki niliyemkodi, ambaye ndiye alikuwa pia mkalimani wangu, alinieleza kwamba kila mti una mbinzo wake, na wanaopendwa zaidi hapa ni wa lifaki. Lifaki ndio ule mti ambao wafanyabiashara wa mbao duniani wanauita sapelli. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini, mbao zake zina wekundu wa chai ya rangi na harufu kama ya mwerezi, na Ulaya hutengenezewa milango na magitaa.

"Kuna lifaki kubwa sana hapa karibu?" nikauliza.

"Liko la Koko," akasema. Koko ni babu.

Lifaki

Siku ya nne tuliondoka kabla jua halijatoka. Pikipiki ilitufikisha hadi kijiji kimoja cha ndani, na hapo tukamkuta Koko ameketi kwenye kiti cha mianzi akinoa panga. Nilimkabidhi chumvi na sabuni kama nilivyoshauriwa. Aliuliza nimetumwa na serikali, na kampuni, au na kanisa. Kijana akamweleza habari za bibi wa Wales. Maelezo yalikuwa marefu kuliko nilivyosema mimi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: miti ya kwao ilikatwa na nani?

"Na askari wa nchi nyingine," nikasema, "zamani sana."

Akatikisa kichwa, akasimama.

Tulipita mashamba ya muhogo na mpunga, kisha vichaka vya mashamba yaliyopumzishwa, kisha msitu. Joto la nje lilibaki nyuma kana kwamba tumefunga mlango. Baada ya mwendo wa saa nzima niliona kitu kilichonisimamisha: michikichi. Mimi ni mtoto wa Kigoma, mchikichi naujua kabla ya kuijua alfabeti, na najua hauoti wenyewe katika giza la msitu mzito. Unataka jua. Michikichi ile ilikuwa mirefu, imekonda, inahangaika kuutafuta mwanga kati ya miti mingine. Pale palikuwa na watu.

Koko aliniona nikitazama juu. "Kijiji cha babu zangu," akasema, "kabla Wabeleji hawajatuhamishia barabarani."

Lifaki lenyewe nililisikia kabla ya kuliona. Kulikuwa na mchakacho, kama manyunyu juu ya majani makavu, na hakukuwa na mvua. Ni kinyesi cha mbinzo, vipunje vyeusi vilivyokuwa vikidondoka kutoka juu ya mita arobaini. Watu wa hapa husikiliza manyunyu hayo ili kujua kama mti umebeba. Chini palikuwa na wanawake watatu na watoto, vikapu vyao tayari, kwa sababu mbinzo waliokomaa walikuwa wameanza kushuka kwenye shina kwenda kujizika ardhini.

Nitasema nilichokiona, maana ndicho nilichotumwa. Shina limenyooka kama nguzo, halina tawi mpaka juu kabisa. Gome ni la kijivu lenye wekundu, linabanduka magamba madogo na kuacha vishimo, kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua za miaka mingi. Matunda makavu yaliyoanguka yanafanana na biri nene, yamepasuka, na mbegu zake zina bawa moja la rangi ya kahawia. Nilizungusha utepe wangu wa kupimia kifuani mwa mti: mita tano na nusu. Kipenyo, basi, ni mita moja na robo tatu. Mti wa aina hii ukinenepa nusu sentimita kwa mwaka ni kazi nzuri. Piga hesabu mwenyewe: miaka kama 350. Ni makisio, kwa sababu mti haunenepi sawa kila mwaka. Lakini Stanley alipopita, huu ulikwisha kuwa mtu mzima.

Nilitoa kitambaa cha buluu mfukoni, nikatafuta tawi la mti mchanga ulioota ubavuni mwa lifaki. Wanawake wakaacha kuokota. Mmoja akasema kitu kwa ukali, na Koko akanyoosha mkono.

"Anasema usifunge," kijana akaniambia.

Ikabidi tuketi. Koko alieleza polepole, na kijana akatafsiri akiwa ametazama chini. Miaka ya nyuma walikuja watu wa kuhesabu miti. Walikuwa na adabu, waligawa sigara, walifunga utepe kwenye kila lifaki kubwa. Kijiji kilidhani ni heshima. Mwaka uliofuata walikuja wengine na misumeno ya injini, na kila penye utepe pakaanguka mti. Njia ya kwenda kwenye mbinzo, iliyokuwa ya nusu saa, ikawa ya saa moja na zaidi. Lifaki hili lilipona kwa sababu mama yake Koko, siku ile ile ya kuhesabu, alifungua utepe na kuutumia kufungia mzigo wake wa kuni.

Nilikirudisha kitambaa mfukoni haraka kama mwizi. Mimi nimesoma kufunga tepe hizo. Shuleni tulizifunga kwenye misonobari ya Wales, wino na daftari mkononi, na hakuna aliyetuambia utepe unasomwaje na anayeishi chini ya mti.

"Basi nimfanyie nini bibi?" nikauliza.

Koko hakuona ugumu wowote. Alikichukua kitambaa, akakitandaza juu ya majani, na mama aliyenikemea akamimina juu yake mbinzo za viganja viwili. Akafunga ncha nne, akanirudishia. "Mpelekee salamu za mti," akasema.

Nikauliza nani aliupanda. Kijana alicheka kabla hajatafsiri, na Koko akacheka baada yake. Hakuna aliyeupanda. Mababu walipofyeka shamba waliukuta mdogo, wakafyeka pembeni yake. Shamba likapumzishwa. Wajukuu wakafyeka tena, wakaukwepa tena. Hapo nilikumbuka muhogo wa ngoma, ule ubakiao katika shamba lililopumzishwa. Kuna vitu ambavyo sifa yake kubwa ni kubaki. Nililitaja jina la bibi mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomtambulisha mtu kwa mwenyeji. Mjomba awe na amani: sikusujudu.

Mchana, kijijini, mbinzo zilichemshwa kwa chumvi na pilipili, tukazila na chikwangue. Zina ladha iliyo kati ya dagaa na kiini cha yai, na ngozi yake inakatika mdomoni kidogo kabla ya kukubali.

Yangambi

Siku ya tano nilivuka mto na kuteremka hadi Yangambi, ukingo wa kulia. Mwaka 1933 Wabeleji waliunda shirika la utafiti wa kilimo, INEAC, na hapa ndipo kituo chake kikuu cha utafiti kilipokuwa. Leo ni INERA, na nyumba nyingi za enzi ile zimeliwa na unyevu. Kwa mtu wa Kigoma, hata hivyo, mahali hapa ni kama mzizi wa nyumbani. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha hapa kwamba mchikichi wa kokwa nene ukikutanishwa na ule usio na kokwa huzaa wa kokwa nyembamba wenye nyama nyingi. Huo ndio tenera, na miche yake ndiyo inayogawiwa kwetu leo. Hata ndizi wanayoiita Yangambi Km 5, inayolimwa nchi nyingi, jina lake limetoka hapa.

Katika nyumba ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zipatazo 150,000, niliomba kuoneshwa lifaki. Nililetewa karatasi ngumu yenye kikonyo, vijani vilivyobakia rangi ya kahawa, na mbegu moja ya bawa. Kinyesi cha mbinzo hakikuwapo, wala sauti yake.

Nilimuuliza kijana mtafiti niliyemkuta pale swali nililomuuliza Koko, safari hii kwa namna ya kitaalamu: je, miti hii mikubwa inayopenda jua ni mabaki ya mashamba ya kale? Akasema ndivyo wengi wanavyodhani kuhusu misitu ya Afrika ya Kati, kwamba iliota pale watu walipolazimika kuyaacha mashamba yao karne ya 19. Lakini walipopima viwanja 250 vya hekta moja moja katika msitu wa Yangambi, miti hiyo haikukutwa imekusanyika kwa makundi jinsi mashamba yaliyoachwa yangeiacha. Huenda ni watu, huenda ni ukame wa kale, huenda vyote viwili. Nikamweleza kuhusu michikichi iliyokonda. Akaandika.

Nilirudi Ujiji kwa njia ndefu ambayo haistahili kusimuliwa. Kitambaa nilikiosha mara mbili, lakini doa la mbinzo halikutoka, nami nikakituma Bangor na doa lake, pamoja na barua ya kurasa nne. Bibi alijibu kwa mstari mmoja: amekitundika jikoni, siyo kwenye mti.

Wasomaji wa Kongo wanajua kwamba tangu amri ya Agosti 2014 jamii ya kijiji inaweza kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Kijiji cha Koko hakina karatasi hiyo bado. Mwenye uwezo wa kuvisaidia vijiji kama hicho kuandika ombi, aandike. Na wewe unayetaka tu kwenda kuuona mti, nenda Agosti, chukua chumvi na sabuni, tega sikio kabla ya kutazama juu, na usifunge chochote kwenye tawi.